Sanduku Moja kwa Wote

Babu yangu mdogo alikuwa mganga msaidizi wa vijijini. Alisomea kazi hiyo miaka ya 1970, Serikali ilipokuwa ikifungua zahanati vijijini kwa kasi, akapangiwa kwanza kando ya Ziwa Nyasa upande wa Lituhi, halafu akahamishiwa juu milimani, Umatengoni, ambako mwezi Julai hutoki nje alfajiri bila sweta. Alipostaafu alirudi kwetu Ruanda, kata ya Wilaya ya Mbinga. Jioni akiwa na wajukuu hakuzungumzia sana mshahara wake wala uhamisho wala wakubwa waliomsimamia. Alizungumzia sanduku la dawa.

Sanduku hilo lilianza kufika katikati ya miaka ya 1980, chini ya mpango wa dawa muhimu uliofadhiliwa na Denmark na kuendeshwa kwa msaada wa UNICEF. Kabla yake zahanati nyingi zilikuwa majengo yenye mganga na rafu tupu. Sasa kila zahanati ilipata sanduku lililofungwa, ndani yake dawa zile zile kwa idadi ile ile: klorokwini, aspirini, penisilini na nyingine za msingi. Lilikuwa jambo kubwa. Babu hakuwahi kulibeza.

"Lakini ziwani, mjukuu wangu, klorokwini ilikuwa inaniishia wiki ya pili," alisema. "Nikahamishiwa juu, klorokwini ikawa inapitwa na muda kabatini, na watoto wanakohoa na kubanwa vifua, penisilini sina."

"Hamkuwaandikia wakubwa, babu?"

"Tuliandika. Tukajibiwa kwamba kila zahanati imepata sawa."

Jibu lile limenikaa kichwani tangu nilipolisikia. Halikuwa jibu la mtu mwongo. Ni kweli kila zahanati ilipata sawa. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyependelea kwao, hakuna kabila lililobaguliwa. Na bado mtoto wa ziwani alikosa dawa ya malaria wakati dawa hiyo hiyo ikiharibika milimani, katika wilaya ile ile. Ilikuwa dhuluma isiyo na dhalimu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo dhuluma ngumu kuliko zote kuing'oa, kwa sababu ukitafuta wa kumshitaki humpati, na ukitafuta wa kumfukuza kazi unakuta kila mmoja alitimiza wajibu wake.

Wazee wetu wa Umatengoni walilielewa jambo hili shambani muda mrefu kabla ya wataalamu wa mipango. Mmatengo anayelima kwa ngolo, kilimo cha mashimo mteremkoni, husoma kwanza mteremko, halafu ndipo hupanga nyasi na kufukua mashimo yatakayozuia maji yasiondoke na udongo. Hamwigi jirani aliyeko bondeni shimo kwa shimo ili wawe sawa. Kilima ndicho kinachomwambia afanye nini.

Ramani ya matibabu ya upande wetu haikuchorwa kwa namna hiyo. Sehemu kubwa haikuchorwa na Serikali kabisa. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na misheni yao ikazaa hospitali ambayo mpaka leo watu wa Songea, Mbinga na hata mikoa ya jirani huikimbilia. Litembo, juu milimani, ilipata hospitali ya Wakatoliki. Ziwani, Waanglikana wa misheni ya UMCA walijenga Liuli, iliko Hospitali ya Mtakatifu Anna. Kabla ya hapo walikuwa na meli, Chauncy Maples, iliyotengenezwa Glasgow, ikasafirishwa vipande vipande hadi ziwani na kushushwa majini mwaka 1901. Ilikuwa shule na hospitali inayoelea. Kuna somo katika meli ile ambalo hatujalimaliza: wale watu waliona wagonjwa wametawanyika kwenye ufuko mrefu usio na barabara, wakaona tiba iwafuate.

Serikali ya kikoloni nayo iliitazama Songea yote, pamoja na ufuko wa Nyasa, kama chimbuko la vibarua. Vijana wa Kingoni, wa Kimatengo na wa Kinyasa waliondoka kama manamba kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Tulihesabiwa kwa mikono yetu. Maradhi yetu yaliachiwa misheni. Kwa hiyo aliyezaliwa karibu na misheni alikuwa na daktari, na aliyezaliwa mbali nayo alikuwa na miguu yake tu.

Tanganyika huru ilijaribu kurekebisha, na hapa naisifu nchi yangu bila kusita. Mwaka 1964 kamati ya Profesa Richard Titmuss ilishauri kwamba nguvu zihamie kwenye vituo vya afya vya vijijini. Azimio la Arusha likafuata mwaka 1967. Kuanzia mwaka 1972 Serikali iliamua waziwazi kwamba fedha za maendeleo ya afya zielekezwe vijijini kuliko kwenye hospitali kubwa za mjini. Mwaka 1977 ikapiga marufuku matibabu ya biashara binafsi, marufuku iliyodumu hadi mwaka 1991. Unaweza kubishana na hatua hiyo ya mwisho, na mimi nabishana nayo, lakini huwezi kusema viongozi wale hawakuwaza juu ya mtu wa kijijini. Babu yangu ni zao la uamuzi huo. Mwaka 1993 ukaja uchangiaji wa gharama hospitalini, na baadaye, mwaka 2007, ukaja Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, uliolenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata.

Majengo yameongezeka kwelikweli. Baada ya Wilaya ya Nyasa kumegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, makao makuu yakiwa Mbamba Bay, ufuko umepata halmashauri yake na hospitali yake ya wilaya. Lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita zipatazo 66, imewaondolea watu mateso ambayo mtu asiyepita pale zamani hawezi kuyafikiria. Ziwani kuna MV Mbeya II. Anayesema hakuna kilichofanyika hajafika.

Mimi nataka kuuliza juu ya kitu kingine: fedha zikishatengwa kwa ajili ya afya, nani huamua zielekee wapi, na kwa kipimo gani?

Kipimo kizuri tunacho, na wengi hawakijui. Mwaka 2004 nchi yetu ilianza kutumia kanuni ya kugawa Mfuko wa Pamoja wa Afya, yaani fedha ambazo wafadhili huzichanga pamoja, kwa halmashauri. Asilimia 70 ya mgao ilifuata idadi ya watu. Asilimia 10 ilifuata umaskini. Asilimia 10 ilifuata vifo vya watoto wa chini ya miaka 5. Na asilimia 10 ilifuata urefu wa njia ambazo gari la afya la wilaya linapaswa kuzipita ili kufikia vituo vyake. Nilipoisoma kanuni hii kwa mara ya kwanza nilimfikiria babu. Hatimaye kulikuwa na mtu ofisini aliyekubali kwamba mteremko una maana, kwamba barabara ya Kitai kwenda Lituhi wakati wa masika si sawa na barabara ya Morogoro kwenda Dar es Salaam, na kwamba hilo lazima lionekane kwenye hesabu.

Wazo la kugawa fedha kwa kufuata mahitaji halikutoka hewani. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya, pamoja na kituo cha utafiti cha Canada kiitwacho IDRC, iliendesha mradi wa TEHIP katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Waliwapa viongozi wa afya wa wilaya takwimu za maradhi yanayoua watu wao, wakawaonesha kwamba bajeti yao haikufanana na vifo vyao: maradhi kama malaria, yaliyowaua wengi, yalipewa fungu dogo. Wilaya zikapanga upya. Nyongeza ya fedha iliyotumika ilikuwa chini ya dola moja kwa kila mkazi kwa mwaka. Katika miaka mitano hivi vifo vya watoto vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40. Maboresho mengine nayo yalichangia, na waliofanya kazi ile hawakudai miujiza. Ila walithibitisha jambo ambalo mganga msaidizi wa Lituhi alilijua kwa kuhesabu chupa zilizobaki kabatini, kwamba shilingi ikiulizwa mgonjwa yuko wapi na anaumwa nini, inaponya zaidi ya shilingi inayogawanywa sawa.

Sasa nifike kwenye kiini cha tafakari yangu. Mfuko wa Pamoja ni sehemu ndogo ya fedha za umma zinazoingia kwenye afya ya wilaya. Sehemu kubwa ni mishahara. Na mishahara haifuati kanuni ile. Mshahara humfuata mtumishi. Halmashauri yenye wauguzi 300 hupokea mishahara ya wauguzi 300, na yenye 90 hupokea ya 90, hata kama ikama, yaani idadi ya watumishi inayotakiwa, inasema wote wanahitaji idadi ile ile. Mtumishi naye hufuata mji, na simlaumu. Anafuata shule ya watoto, mume au mke aliyeajiriwa kwingine, umeme usiokatika, nafasi ya kujiendeleza. Kwa hiyo bila mtu yeyote kuamua, bila kikao, bila sahihi ya mkubwa, fedha kubwa za afya za nchi hii huteleza polepole kuelekea mijini. Ukilalamika unaambiwa kila mtumishi analipwa mshahara sawa na mwenzake wa daraja lake popote alipo. Ni kweli kabisa. Ni jibu lile lile alilopewa babu.

Nililiona hili kwa macho yangu wakati shemeji, mke wa mdogo wangu, alipojifungua mtoto wake wa tatu. Wanaishi kijiji kimoja kwenye mteremko wa kushuka ziwani. Ilikuwa Machi, mvua haijakata kwa siku kadhaa. Uchungu ulimwanza usiku, na mtumishi pekee wa zahanati ya karibu alikuwa amesafiri kikazi. Jengo lilikuwepo, limepakwa rangi, na taa ya sola inawaka nje. Zamani angebebwa kwa kitanda mabegani mwa wanaume, kama walivyobebwa mama zake wadogo. Safari hii mdogo wangu alipiga 115.

Namba hiyo ni ya mfumo wa m-mama, ulioanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022. Simu ni bure. Anayepokea hutafuta gari la wagonjwa, na lisipopatikana humtafuta dereva wa kawaida wa eneo lile aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mfumo kwa safari hiyo. Alikuja kijana mwenye gari dogo ambaye mchana hubeba abiria na magunia. Alichukua muda mrefu kufika, lakini alifika, na walipokwama kwenye tope, vijana wa kijiji walitoka vitandani wakasukuma. Naiheshimu sana akili iliyobuni mpango ule. Badala ya kusubiri siku ambayo kila kata itakuwa na gari la wagonjwa, walitumia magari yaliyokwishakuwepo vijijini.

Kituoni walimkuta muuguzi mmoja. Alikuwa na mama mwingine aliyekuwa akisukuma, mtoto mwenye degedege kwenye kitanda cha kona, na mzee aliyeletwa akiwa na jeraha la panga. Alimpokea shemeji kwa sauti ya upole, akamwambia "Mama, usisukume kwanza, nakuja," akaenda, akarudi, akaenda tena. Mpaka kunakucha alikuwa amewapokea watoto wawili wazima na yule wa degedege ametulia. Hakuketi hata mara moja. Nilipompelekea chai asubuhi aliniuliza kama ninamfahamu mtu yeyote anayepangisha chumba chenye maji karibu, kwa sababu alikuwa akichota mtoni kabla ya kuja kazini. Kwao ni mikoa ya kaskazini, na watoto wake wawili alikuwa amewaacha kwa mama yake. Mwaka uliofuata tukasikia amepata uhamisho. Shemeji yangu alilia aliposikia. Mimi sikuweza kusema amekosea.

Usiku ule ulinifundisha kitu ambacho vitabu vya mipango havikunifundisha kwa uzito ule. Tunapojenga zahanati tunasema tumegawa huduma, kumbe tumegawa kuta. Huduma ni mtu aliyelala karibu na zahanati na yuko tayari kuamka. Huyo ndiye rasilimali adimu kuliko saruji na dawa, na ndiye ambaye kanuni zetu za haki hazimgusi. Serikali yenyewe imekiri kwa miaka mingi kwamba sekta ya afya ina takriban nusu tu ya watumishi wanaohitajika. Uhaba wa nusu kitaifa una maana moja mjini na maana nyingine kabisa kwenye zahanati iliyopaswa kuwa na watumishi kadhaa na ina mmoja, kwa sababu huyo mmoja akisafiri, akiugua au akifiwa, uhaba unakuwa kamili.

Takwimu za kitaifa zinaleta matumaini. Utafiti wa demografia na afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104, na ukaonesha kwamba asilimia 81 ya wanaojifungua hujifungulia katika vituo vya afya. Nazifurahia namba hizi, na nawashukuru wanawake na wanaume walioamka usiku kuzileta. Lakini katika wanawake 100, 19 bado wanajifungulia nje ya kituo, na sidhani kama wametawanyika sawasawa nchini. Wengi wao wanaishi mwisho wa barabara, na tunajua barabara hizo ziko wapi.

Kuna hoja ya upande wa pili na naiheshimu. Nimewahi kulala kwenye korido ya hospitali moja ya Dar es Salaam nikimuuguza ndugu yangu, na niliyoyaona pale si maisha ya watu waliopendelewa. Wagonjwa wawili kitanda kimoja, foleni inayoanza saa kumi za alfajiri, daktari aliyechoka mpaka anasahau jina la mgonjwa aliyeko mbele yake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika Dar es Salaam na zaidi ya milioni 1.8 katika Ruvuma nzima. Mtu wa Temeke naye ni Mtanzania. Shilingi moja inayopelekwa kwenye msongamano inawafikia wengi kuliko shilingi inayopanda mlima kumtafuta mmoja. Kwa nini basi tuitume mlimani?

Naijibu hivi. Watu wa Dar es Salaam wamekwishahesabiwa kwenye ile asilimia 70, na ni haki yao. Tena Muhimbili, taasisi ya mifupa ya MOI, taasisi ya saratani ya Ocean Road na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, ziko mjini mwao, na ingawa ni za Taifa zima, anayeishi jirani huzifikia kwa nauli ya daladala. Mtu wa Lituhi huzilipia kodi sawa na wote, kisha hulipa nauli, chakula na malazi ya anayemuuguza, kisha huacha shamba msimu wa kupalilia. Umbali kwake ni ada, na ni ada isiyo na msamaha. Mzee asiyejiweza na mjamzito husamehewa ada ya dirishani, lakini hakuna anayewasamehe nauli. Ndiyo maana nasema shilingi inayompandia mlimani haimpi upendeleo. Inamrudishia sehemu ya anachotozwa na jiografia.

Kwetu Ruanda suala hili lina sura nyingine, na ni makaa ya mawe. Mgodi wa Ngaka uko kijiji cha Ntunduwaro, ndani ya kata yetu, na uchimbaji ulianza mwaka 2011. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022 na nchi za Ulaya kuanza kutafuta makaa kila pembe ya dunia, malori yaliongezeka barabarani kwetu, yakipitia Songea na Masasi hadi bandari ya Mtwara. Uchumi ulichangamka. Vijana walipata kazi, mama lishe walipata wateja, nyumba za bati zikaongezeka. Vumbi nalo likaongezeka.

Kampuni inayofanya biashara hulipa halmashauri ushuru wa huduma unaotokana na mauzo yake, na Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inamtaka mchimbaji awe na mpango wa kuisaidia jamii inayomzunguka. Fedha hizo zinaingia Mbinga. Wilaya ya Nyasa, ambayo mpaka mwaka 2012 ilikuwa Mbinga, haimo. Watu wa Ruanda wanasema vumbi tunalivuta sisi, kwa hiyo huduma ianze kwetu. Watu wa ufukoni wanasema sisi hatuna mgodi, tuna dagaa, muhogo na malaria, je, tufe kwa sababu ardhi yetu haina makaa? Nimewasikiliza pande zote mbili kwenye misiba na harusi, maana ni ndugu wale wale, na naona kila upande una haki yake. Mimi ningeamua hivi: anayebeba madhara afidiwe kwa madhara hayo, yaani watu wanaoishi kando ya barabara ya malori wapimwe vifua na wapate mashine ya eksirei karibu, kwa fedha ya makaa. Kinachozidi hapo kisifuate mgodi. Mapato ya madini yakitumika kuamua nani ana muuguzi na nani hana, tutakuwa tumerudi kwenye ramani ya zamani, ila safari hii tumeweka mgodi mahali pa misheni.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ni hatua niliyoingoja kwa hamu, na naunga mkono kila kaya kuwa na kadi. Uzoefu wa Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa ulionesha kwamba wakulima wako tayari kuchangia: kaya ya watu 6 vijijini ililipa Sh. 30,000 kwa mwaka. Wengi pia waliacha kulipa, na sababu niliyoisikia mara nyingi kwetu ilikuwa kwamba kadi wanayo ila dawa wanaambiwa wakanunue dukani, au mtumishi hayupo. Kadi ya bima ni ahadi, na ahadi ile ile iliyoandikwa kwa wino ule ule ina thamani kubwa kwa aliye jirani na hospitali yenye madaktari, na ndogo kwa aliye saa tano kutoka hapo. Tusipoangalia, kadi itakuwa sanduku la babu limechapwa upya.

Dawa ya uhaba huu wa watumishi vijijini si siri. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2010 juu ya kuwabakiza watumishi maeneo ya mbali, na jambo la kwanza lililosisitizwa humo ni kuwachukua kwenye mafunzo vijana waliozaliwa maeneo hayo hayo, kwa sababu ndio wenye uwezekano mkubwa wa kurudi na kukaa. Peramiho kuna chuo cha uuguzi. Binti wa Mbaha, wa Lundo au wa Ntunduwaro anayefaulu sayansi kidato cha nne angeweza kusomeshwa pale kwa mkataba wa kurudi kwao, akakuta nyumba yenye maji na sola, posho ya mazingira magumu inayolipwa kwa wakati, na haki ya kujiendeleza baada ya miaka iliyotajwa kwenye mkataba. Na kibali cha ajira kinachotoka Dodoma kiwe na kanuni yake, kama ulivyokuwa nayo Mfuko wa Pamoja: halmashauri yenye pengo kubwa la ikama na barabara ndefu ipate nafasi kwanza, na nafasi hiyo ibaki yake. Anayehamishwa asiondoke na kiti. Hii ingegusa mishahara, na mishahara ndiko zilipo fedha.

Nawaomba wabunge wetu wa Ruvuma, wa chama chochote, walibebe hilo bungeni kabla ya kuomba jengo jingine. Najua jengo lina jiwe la msingi na picha, na nyumba ya muuguzi haina sherehe. Hata hivyo naomba.

Nawe msomaji wa kijijini, usidhani mambo haya yote yanaamuliwa mbali. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja huenda moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya zahanati na kituo cha afya, na matumizi yake hupitishwa na kamati ya usimamizi wa kituo, ambayo baadhi ya wajumbe wake ni wanakijiji wenzako. Wajue kwa majina. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji unaokuja, waombe wasome mbele ya watu fedha iliyoingia, dawa iliyoisha mapema, dawa iliyopitwa na muda, na siku ambazo zahanati ilifungwa kwa kukosa mtumishi. Mtendaji aandike majibu hayo kwenye muhtasari, na diwani aupeleke halmashauri.